Injini Nzima Hairudi Gereji

Ndugu fundi, kabla hujashika spana jiulize swali moja la biashara: injini uliyoitengeneza vizuri imekuletea nini tangu siku ilipoondoka? Salamu tu. Mwenye gari akipita barabarani anapiga honi, anakupungia mkono, anakwenda zake. Na honi haipikwi. Injini nzima hairudi gereji, na gereji isiyorudiwa ni kibanda cha mabati chenye harufu ya dizeli.

Kazi hii nilijifunza Mbarara, kwenye karakana ya kuchonga krenki na kuboa bloku. Baadaye nikarudi Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, nikafungua kijiwe changu Base Camp: turubai, meza, jiliwa moja na kijana wa kushika tochi. Kazi ndogo naimaliza pale pale. Ya mashine kubwa naipeleka Mbarara na kuirudisha. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaniruhusu kufanya kazi na kutembea, wala haisemi popote kwamba lazima nipime kabla ya kufunga. Nafasi hiyo nimeitumia vizuri, na leo nakugawia ujuzi wangu bila malipo.

Hatua ya 1: Pima kwa kidole

Mzee aliyenifundisha Mbarara alikuwa na ugonjwa wa kupima. Akiletewa krenki, kwanza anaifuta kwa kitambaa cheupe, kisha anailaza juu ya vyuma viwili vilivyokatwa umbo la V. Maikromita yake inalala kwenye kisanduku cha mbao chenye kitambaa ndani, kama mtoto mchanga. Anapima pini ya kwanza upande wa mbele, anageuza krenki robo mzunguko, anapima tena. Anasogea upande wa nyuma wa pini ile ile, mara mbili nyingine. Vipimo vinne kwa pini moja, na vyote anaviandika kwa chaki ukutani, juu yake jina la mahali kazi ilikotoka: Ibanda, Ntungamo, Nakivale.

Siku moja nikamuuliza, “Mzee, pini si ile ile? Unatafuta nini?”

“Yai,” akanijibu bila kuinua kichwa. “Na karoti.”

Yai ni pini iliyolika upande mmoja ikapoteza uduara. Karoti ni pini nene huku, nyembamba kule. Jicho halioni yai wala karoti. Nafasi inayoachwa kati ya pini na beringi yake katika injini nyingi za dizeli za magari haya yetu ni kama milimita 0.03 hadi 0.06. Unywele wa kichwani mwako mara nyingi una unene kuupita huo. Ndani ya ufa huo mwembamba kuliko unywele ndimo oili inamopita na kuibeba krenki isigusane na beringi.

Wewe usijisumbue. Pitisha kidole gumba juu ya pini, funga jicho moja, kisha sema neno linalolisha familia za mafundi Afrika Mashariki nzima: “Itashika.” Mteja akikutazama kwa mashaka, lirudie kwa sauti nzito zaidi.

Ukilazimishwa kupima, pima krenki ikiwa bado ya moto kutoka kwenye pipa la kuoshea. Vipimo vya kiwandani vimewekwa kwa joto la nyuzi 20, na Mbarara, kwa baraka za kukaa mwinuko wa mita 1,400 hivi, asubuhi inakupa joto la namna hiyo bila kulipia kiyoyozi. Ikwepe asubuhi. Pini ya milimita 50 ikizidi joto kwa nyuzi 40 huvimba zaidi ya milimita 0.02, yaani nusu ya nafasi ya oili inakwenda kwenye hesabu ya uongo. Kwa bei hiyo, uongo ni rahisi sana.

Pini ikikwaruzika, kimbilia kuichonga. Beringi za kuzidisha unene huuzwa kwa ngazi: 0.25, 0.50, 0.75, na kwa injini nyingi mwisho ni 1.00. Mzee alikuwa anachonga ngazi moja tu, ile ndogo kabisa inayotosha kuondoa jeraha. Wewe ruka moja kwa moja hadi 0.75 ili umalize mapema. Bandu bandu huisha gogo, lakini wewe una shoka.

Hatua ya 2: Boa kwanza, pistoni utatafuta

Injini ya Toyota 5L, ambayo Hiace nyingi zimekufa nayo na kufufuka nayo, ina silinda ya kipenyo cha milimita 99.5. Ikilika, unaiboa hadi saizi ya pistoni kubwa zaidi, tuseme ya 0.50, nayo inafika 100 kamili. Hesabu nzuri, haihitaji kalamu.

Mzee hakuwa anagusa bloku kabla ya kushika pistoni mkononi. “Niletee pistoni zenyewe,” angemwambia mteja, “si jina la pistoni.” Angezipima moja moja chini, pale upindo wa pistoni unapokuwa mpana, kisha aboe kila silinda kwa kumfuata mwenyewe atakayeingia humo, na kuandika namba kichwani kwa pistoni. Kwa nini? Kwa sababu boksi linaandikwa na mpiga chapa, na pistoni haijui kusoma.

Kejeli hiyo waachie wazee. Wewe boa leo, kesho mtume kijana Kampala, soko la Kisekka, akatafute pistoni za kufanana na tundu. Akikosa 0.50 atarudi na 0.75, na tundu linaweza kupanuliwa tena. Akirudi na ndogo, pistoni itacheza ndani ya silinda kama kokwa la embe kwenye ndoo, nawe utasema ndiyo sauti ya injini mpya, itazoea.

Hatua ya 3: Uchafu ni kinga

Hapa ndipo biashara inapokaa, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Silinda ikishasuguliwa kwa mawe ya kusugulia hubaki na michoro midogo iliyokatana mshazari, mahali pa kushikia oili ili ringi zizoeane na ukuta. Hubaki pia na unga wa lile jiwe lenyewe, umejificha ndani ya michoro. Unga huo ni msasa. Ukiufungia ndani, injini itajisaga yenyewe usiku na mchana bila kudai mshahara.

Mzee aliuosha kwa maji ya moto, sabuni ya kufulia na brashi. Si kwa petroli wala mafuta ya taa, maana hayo huteleza juu ya unga na kuuacha ulipo. Sabuni ndiyo inayouinua. Baada ya suuza alifuta silinda kwa kitambaa cheupe chenye oili kidogo, akakitazama mwangani. Kikiwa cha kijivu, anarudi kwenye ndoo. Nilishawahi kumwona akirudi mara tano. Kisha anafungua vizibo vyote vya njia za oili ndani ya krenki na bloku, anapitisha brashi ndefu nyembamba, na uchafu unaotoka humo ni mweusi kama kisamvu kilichoungua.

Sasa njia yangu. Pitisha sweta la mtumba lililochakaa. Nyuzi zitakazobaki zitasafiri na oili hadi kwenye chujio. Vizibo usivifungue, vimekaa miaka mingi na vina haki ya kupumzika. Krenki iliyochongwa ikang'aa kama sahani ya harusi, itumbukize kwenye gunia lililobeba mkaa jana, ifunge nyuma ya bodaboda na uondoke Mbarara kuelekea Nakivale. Ukiacha lami, vumbi jekundu la wilaya ya Isingiro litaikaribisha. Mzee angeipaka oili nzito, akaizungushia karatasi na nailoni, na akiihifadhi karakanani anaisimamisha wima isipinde. Yako ilaze, juu yake keti abiria.

Hatua ya 4: Hedi hufungwa kwa kifua

Hedi iliyopata moto hupinda. Ukitaka kujua imepinda kiasi gani, unaweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, kisha unajaribu kupenyeza vibati vya kupimia ufa. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na dakika kumi ni glasi moja ya chai. Chagua chai.

Wengine hunyoosha hedi kwa kuisugua na msasa juu ya sakafu ya saruji. Nawasalimu. Sakafu ya gereji ina mabonde kama Ankole yenyewe, na hedi ikitoka hapo huwa imechukua ramani ya wilaya.

Gasketi ya zamani bado ina sura yake, irudishe. Ukiona aibu, ipake silikoni nyingi, ifurike pande zote. Inayofurikia nje itaonekana kama kazi ya mtu mkarimu. Inayofurikia ndani itakatika siku moja, ishuke hadi kwenye sampu, ikazibe kichujio inachonyonyea oili pampu, na taa nyekundu ya oili iwake gari likiwa limejaa abiria.

Kukaza bolti, mzee alianzia katikati akaenda pembeni kwa zamu, kwanza kwa nguvu ndogo, mzunguko wa pili ya kati, wa tatu ya mwisho, kwa spana yenye kipimo inayolia “kak!” ikifika. Wewe anzia bolti iliyo karibu na mkono wako. Spana ikiwa fupi, ichomekee bomba la maji la mita moja. Ikikosekana kabisa, tumia ile inayoitwa spana malaya, inayopatana na nati zote na kuziharibu zote. Acha kukaza unapoona bolti imelegea ghafla. Hapo imekatika, na nguvu zimetosha.

Hatua ya 5: Ipe injini maji ya mahali

Kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kinachoizuia rejeta isichemke mapema ni kifuniko chake chenye springi: kinabana presha ndani, na presha inapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi ishirini hivi. Kwa hiyo kitu cha kwanza kupoteza ni kifuniko. Badala yake chomeka kigunzi cha mahindi kilichofungwa kitambaa. Kinapatikana kila shamba.

Themostati itoe uitupe. Injini itachukua muda mrefu kupata joto, itakunywa mafuta zaidi na kujaza masizi, lakini mteja ataona mshale wa joto uko chini na ataamini amepona. Rejeta ikivuja tia bizari ya manjano. Itaziba tundu, kisha itaziba na vijia vingine vyote, maana haikuambiwa ni tundu lipi. Dawa ya kuzuia kutu usinunue. Chota maji ziwani yakiwa na rangi yake, uyamimine yalivyo.

Hatua ya 6: Mashine zako ni samani

Kitanda cha mashine ya kukerezea chuma kimesawazishwa kwa mkono na mtu aliyesumbuka. Ndiyo maana kinafaa kwa kuwekea sahani ya matoke na karanga, na kwa kugongea vyuma vilivyopinda. Usikifute, usikipake oili jioni. Maikromita iweke sanduku moja na nyundo ili zizoeane.

Jiwe la kuchongea nalo lina tabia yake. Kabla ya kulifunga, mzee alilining'iniza kwenye kidole na kuligonga kwa mpini wa bisibisi, kama mama anavyogonga chungu sokoni kabla ya kutoa pesa. Likilia kama kengele, zima. Likitoa sauti ya kibuyu, lina ufa, na jiwe lenye ufa likizunguka kwa kasi hupasuka vipande vya kuua mtu. Kwa hili tu nitaacha utani: ligonge. Na ufunguo wa kushikia kazi usiuache kwenye mashine ya kukerezea, na shati la mikono mirefu livue. Mteja wa kurudi anahitaji fundi mwenye vidole.

Hatua ya 7: Ongea lugha usiyoelewa

Sisi tuliotoka Kongo tunaita kulasi kile anachokiita Mganda hedi. Krenki kwetu ni vilbreke, beringi ni kusine. Mrundi anaelewa, Msomali anatikisa kichwa, kijana wa Isingiro anacheka. Nilipomtuma mwanafunzi wangu Mbarara akanunue “kusine za pili”, nikimaanisha seti mbili, alirudi na seti moja ya saizi ya pili, 0.50, kwa krenki iliyochongwa 0.25. Hakukosea yeye. Lugha tatu zilikutana kwenye neno moja na kila mmoja akachukua lake.

Mzee alikuwa na dawa ya hilo pia: hakununua kwa jina. Alituma karatasi yenye namba ya injini na kipimo. “Sifuri nukta mbili tano,” alisema, “haina Kifaransa.” Wewe endelea na majina. Yana utajiri zaidi.

Hatua ya 8: Washa kabla oili haijajua

Injini iliyofungwa upya haina oili kwenye njia zake. Waoga huizungusha kwa sitata bila kuiruhusu kuwaka, hadi taa ya oili izimike, ndipo wanaiwasha. Mteja amesimama hapo tangu saa nne, anataka kusikia mlio. Washa, kanyaga mafuta hadi chini, moshi utoke, watu wakusanyike. Dakika ya kwanza kavu hula beringi kuliko mwezi wa kazi, lakini picha inatoka nzuri.

Hatua ya 9: Oili chafu ina safari yake

Oili iliyomwagwa Mbarara mtaroni hukimbilia mto Rwizi. Rwizi unapita mjini na kuelekea mashariki, kwenye mabwawa na maziwa ya mfumo wa Mburo na Nakivale, ardhi oevu iliyoingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwa maneno mengine, unachomwaga Mbarara kiko njiani kuja nyumbani kwetu, na kwenye Hatua ya 5 nimeshakuambia maji ya rejeta uchote wapi. Mzee aliweka oili chafu kwenye mapipa akaiuza kwa wanaoikusanya. Hakuwa na mapenzi na wasafiri.

Dhamana ya mwandishi

Unauliza kama njia hii nimeijaribu mwenyewe. Nimeijaribu.

Mtaani kwetu kuna mashine ya kusaga mahindi inayoendeshwa na injini ya silinda moja ya aina ya Lister, nakala ya India ya zile zilizoanza kutengenezwa Dursley, Uingereza, mwaka 1929. Nzito, gurudumu kubwa, mizunguko 650 kwa dakika, inagonga taratibu kama mtu anayetwanga bila haraka. Ilipoanza kugonga kwa hasira, mwenyewe aliniita. Nikafungua, nikapitisha kidole gumba kwenye pini, nikasema neno lile. Nikaweka beringi mpya.

Ilishika siku tisa. Siku ya kumi ikapiga kelele hadi kanisani, ikasimama. Ni ile ile inayosaga mahindi ya nyumbani kwangu. Siku nne tulikula mahindi ya kuchemsha, asubuhi na jioni, na mama watoto hakunisemesha. Alikuwa akiniwekea sahani tu, na juu ya sahani kigunzi.

Mwenye mashine alikataa kulipa mara ya pili, na hakukosea. Nikaibeba krenki hadi Mbarara kwa pesa yangu. Mzee akaifuta kwa kitambaa cheupe, akailaza juu ya vile vyuma vya V, akapima mara nne.

“Yai,” akasema. “Tena la bata. Nani alifunga hii bila kuchonga?”

“Fundi mmoja wa huko kwetu, mzee.”

Akachukua chaki. Ukutani, chini ya Ibanda na Ntungamo, palikuwa pameshaandikwa Nakivale mara tatu ndani ya msimu ule, na zote tatu nilizileta mimi. Akaandika ya nne kwa herufi zake za polepole.

“Msalimie sana huyo fundi,” akasema. “Mwambie asibadilishe kitu. Ada ya shule ya wajukuu wangu anailipa yeye.”